Sista Hakuwa Mjumbe

"Kaka, huo mguu unaoukanyaga una mwenyewe!"

Lifti ya hospitali ilijaa pomoni. Kijana wa tai nyekundu aliruka, mafaili yakamponyoka. Muuguzi wa wodi ya wazazi, gauni lake jeupe limepigwa pasi likapigika, alicheka huku akimsaidia kuyaokota.

"Samahani, sista. Nikufidie nini?"

"Anza na chai."

Chai ikazaa simu, simu zikazaa mapenzi. Jamani, walipendana hao! Kijana alikuwa karani wa kamati ya hospitali, kazi yake kuandika yanayosemwa na wajumbe. Wajumbe wenyewe madaktari na wahasibu. Muuguzi hata wa dawa hakuwamo.

Kamati ilipotaka zamu ya usiku ibaki na muuguzi mmoja, sista aliomba kuingia kikaoni. Akawaambia wazi: "Wazazi ishirini, muuguzi mmoja? Mtatuulia mtu!" Wakamshukuru, wakamtoa, wakapitisha lao. Karani hakuandika neno. Asiye mjumbe haandikwi, ndivyo alivyofundishwa.

Mwezi haukuisha. Mama mmoja alivuja damu huku sista, peke yake zamuni, akimzalisha mwingine. Yule wa damu akafa. Kamati ikafungua kumbukumbu za vikao vyake: hakuna aliyeonya. Lawama zote zikamwangukia sista, akasimamishwa kazi.

"Mpenzi, ni utaratibu tu," karani alisihi kwenye simu.

"Ulikuwepo! Ulinisikia kwa masikio yako!"

"Laazizi, nisikilize..."

"Laazizi wako nani? Mtu wa kuniacha nizame?" Akakata.

Roho ikamsuta karani. Akasimama mbele ya wachunguzi wa kifo kile, akaeleza yote aliyoyasikia. Kazi yake ikaota mbawa. Sista akarudishwa, na wauguzi wakapewa viti viwili kwenye kamati, kimoja chake.

Siku ya kikao cha kwanza, karani alimsubiri koridoni na pete mkononi.

"Nisamehe, mama. Nataka nikuoe."

Sista akalia, wala hakujificha. "Nakupenda, tena sana. Lakini ulisema ukweli mtu akiwa ameshazikwa. Kila nikikutazama, namwona yeye."

"Nitakusubiri."

"Usinisubiri, tafadhali. Utaniumiza zaidi."

Akajifuta uso, akaingia. Mwenyekiti akauliza nani ana la kusema. Karani, bado amesimama koridoni, akaisikia sauti ya mpenzi wake ikianza kwa kutaja jina la marehemu.