Utani Uliomlaza Koleta Kituoni

Ndugu zangu, nisikilizeni mimi Bernardo, maana ubaya ninaousimulia niliutenda kwa mdomo wangu huu huu.

Kijijini kwetu, upande wa Naipingo, Koleta ni mtani wangu. Koo zetu zinataniana tangu enzi za babu zetu. Baba yake alikuwa Mmakonde aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta maisha, akaoa binti wa hapa hapa, na Koleta akazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sasa ni mjane mwenye mikorosho yake, kuku wake, na ulimi mkali kuliko wangu. Nampenda sana, ingawa sijawahi kumwambia.

Mwezi wa kumi tulikuwa msibani. Tulikwisha kuzika, tunakula kwa amani. Mnajua kazi ya watani msibani ni kuwatoa wafiwa kwenye majonzi. Nikampokonya Koleta sahani.

"Huyu asile! Kavuka Ruvuma bila kibali. Mrudisheni kwao!"

"Narudi," akajibu, "ila nikuzike wewe kwanza, maana umeshaanza kunuka."

Hata mfiwa alicheka. Asiyecheka alikuwa Dickson, mgambo mgeni, mwenye mwezi mmoja tu kijijini. Wiki ile ile mgambo walikuwa wameambiwa mkutanoni wafichue wahamiaji haramu. Akanivuta pembeni.

"Mzee, ni kweli huyu mama si raia?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu kavaa sare, anauliza kwa uso mkavu, nami bado utani umenijaa kichwani.

"Kweli tupu," nikasema huku natafuna. "Mchukue hata leo, tupumzike."

Asubuhi akamchukua. Alimdai kitambulisho cha taifa, Koleta hakuwa nacho. Alipokwenda kujiandikisha, mara mbili mashine ilikataa alama za vidole vyake, kwa sababu amebangua korosho miaka arobaini na mafuta ya maganda yamemla ngozi. Dickson akaona ushahidi umetimia. Akampeleka kwa bodaboda hadi kituo cha polisi, nao polisi wakamweka ndani amsubiri afisa uhamiaji, ili arudishwe ng'ambo.

Habari ilinikuta shambani jioni. Kesho yake mimi na mtendaji wa kijiji tulikwenda parokiani kuomba cheti chake cha ubatizo, na siku iliyofuata tukamkuta afisa kituoni. Koleta alikuwa kwenye benchi, hana viatu, na Dickson amesimama kando yake. Hakuniangalia.

"Wewe ndiye uliyesema si raia?" afisa akauliza.

"Nilikuwa namtania, mheshimiwa."

"Mgambo anasema hukucheka."

"Mtani hachekei utani wake."

"Basi nitajuaje kama sasa hunitanii mimi?"

Nikavua kofia. "Mama yangu ndiye aliyemkata kitovu. Kaburi la mumewe nimelichimba mimi. Huko ng'ambo yeye hamjui hata mtu mmoja." Nilitaka kuendelea, machozi yakanizuia.

Koleta akainua uso. "Andika, mwanangu," akamwambia afisa. "Huyu mzee namjua miaka sitini, sijawahi kumwona analia. Leo hatanii."

Afisa akasoma cheti: amezaliwa hapa, mama yake wa hapa. Akaamuru aachiwe. Akamgeukia Dickson. "Ukisikia jambo, leta taarifa tuchunguze. Si kazi yako kumkamata mtu kwa maneno ya msibani."

Dickson aliomba radhi. Mimi niliomba radhi njia nzima, Koleta ametangulia mbele bila kugeuka.

Msiba uliofuata nilikaa pembeni, nimefunga mdomo. Wafiwa wananitazama. Koleta akaja, akaipokonya sahani yangu.

"Mbona hatukusikii, Bernardo? Kibali chako kimekwisha?"

Nililia tena, safari hii huku nacheka.

FUNZO

Wenye sare, mipaka ya nchi tunaitaka ilindwe, lakini ilindwe kwa uchunguzi. Kabila la mtu, lafudhi yake au kukosa kitambulisho hakumfanyi mgeni.

Nasi wanakijiji, tutaniane mpaka tufe. Lakini anayeuliza kwa niaba ya serikali si mtani wako. Akikuuliza habari za jirani yako, meza kwanza, ndipo ujibu. Mimi nilijibu maneno sita huku natafuna, na mtani wangu akalala kwenye saruji siku mbili.