Kigoda cha Asiyekuwepo

Kigoda kilikuwa na joto, kama mtu kainuka sasa hivi, na hakuna aliyekikalia. Dada Mkubwa alikigusa, akaondoa mkono. Alikumbuka alichokiambia jana.

Kikundi chao cha maigizo hakikuwa na mwandishi. Walikaa duara, kigoda kitupu katikati, kila mmoja akimpa mhusika mpya kitu: huyu mwendo, yule kicheko, mpaka mtu akazaliwa. Mwiko ulikuwa mmoja: kilichotolewa hakirudi, ila mtoaji akikalie kigoda mwenyewe.

Jana wote walikuwa wakimshangilia mdogo wake, Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa sauti yake. Dada ndiye aliyemleta pale, kamshika mkono. Na yeye Dada hata haonekani! Zamu yake ilipofika, roho ilikuwa inamuuma.

"Mimi nampa wivu," alikiambia kigoda. "Atake kila kitu alicho nacho mdogo wangu. Aanze na sauti."

Watu walicheka, wakapiga makofi.

Leo Kinanda aliingia kashika koo. Sauti hana.

"Mafua hayo," alisema Fundi, kiongozi wao. "Dada, shika nafasi yake."

Moyo wa Dada uliruka kwa furaha. Aliuonea aibu, lakini uliruka.

Alipofungua kinywa tu, marashi makali yakajaa ukumbini mchana kweupe, na pale kwenye kigoda kitupu sauti ya Kinanda ikaanza kuimba, taratibu, wimbo ambao Dada alimbembelezea mdogo wake utotoni, ikaimba vizuri kuliko mwenyewe, ikapanda, ikapanda, kisha ikakatika.

"Bado macho," ikasema.

"Nani huyo?" alinong'ona Fundi.

Kinanda alianza kupapasa hewa kama aliyezimiwa taa.

Wivu ni wivu, lakini damu ni damu. Dada akakikalia kigoda.

"Dada, toka hapo!" alipiga kelele Kinanda. Sauti imerudi! Anaona! Watu wakakumbatiana, wakalia. Dada alitabasamu tu.

Jioni walirudi nyumbani pamoja. Mwanawe Dada alikuja mbio mlangoni kama kawaida yake, akasimama ghafla, akanusa, akajificha nyuma ya Kinanda.

"Mama mdogo," alinong'ona, "mama umemwacha wapi?"

"Si huyu hapa, mpenzi?"

"Huyu siye."

Dada aliitazama mikono midogo iliyong'ang'ania gauni la mdogo wake. Marashi yakapanda.

"Kumbe na huyu," akasema polepole, "anakupenda wewe."