Barua Kuhusu Miguu ya Vitalis

Ndugu zangu wa Dirma, sitawaambia habari za jirani. Hizi ni za nyumbani kwangu.

Jioni moja ndama walikuwa wameshakunywa, mke wangu Juliana anasonga ugali, nami namshukuru Mungu kwa mvua. Mwanangu Vitalis, wa darasa la tano, akaingia akichechemea.

"Shikamoo baba. Mwalimu Hilda amekuletea barua."

"Marahaba. Mbona unatembea kama kuku aliyefungwa kamba?"

"Funza, baba."

Nikafungua barua, nikaikazia macho kwa muda wa kutosha mtu kuisoma. Sikujua kusoma, na sikutaka mwanangu ajue.

"Inasemaje?" Juliana akauliza.

"Nimeisoma. Ni mkutano wa wazazi. Nitakwenda."

"Nikusomee, baba?"

"Tangu lini mtoto akasoma barua ya baba yake?"

Juliana alitaka kumwosha miguu kwa maji yaliyobaki. Nikakataa. Punda aliyatoa mbali, na asubuhi ndama wangeyahitaji. "Dada yake aoge. Mvulana huoshwa na umande." Ndivyo tunavyosema na kucheka, huku wavulana wetu wakilala vumbini pamoja na ndama. Nikamtoa funza kwa mwiba uleule niliowatolea watoto wangu wengine.

Baada ya siku nane mguu ulivimba, ukanuka, homa ikapanda. Tukamkimbiza hospitali ya Katesh kwa pikipiki.

"Shuleni hawakuwaambia?" daktari akauliza.

"Hapana," nikajibu. Vitalis alinitazama. Walimkata vidole viwili.

Sasa nasoma darasa la jioni, katika chumba kilekile anachosomea yeye. Barua niliificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Mwezi uliopita niliisoma mwenyewe, kidole kikifuata neno: "Mzazi, mpeleke Vitalis zahanati kesho. Dawa ni bure. Aoshwe miguu kwa sabuni kila siku, asilale na mifugo."

Nikamwita, nikamsomea.

"Nilijua, baba. Mwalimu alinieleza."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema umeisoma."

MAFUNZO

Mvulana naye ana mwili, na Mungu ndiye aliyeuumba. Maji ya miguu yake yatengwe kabla ya maji ya ndama, na alale mahali pasafi. Nawe mzazi usiyejua kusoma, sema hujui. Aibu hiyo ni ya dakika moja. Yangu naiona kila mwanangu anapovua viatu, nami bado naiombea msamaha.