Makinda Hawahesabiwi

Ungo wa nne ulikuwa unapaa na kabati la Bi Mboni, mlango mmoja ukipigapiga hewani. Ungo ni chombo cha mviringo kisicho na mabawa, kinainuliwa kwa nguvu za sumaku. Wahandisi walikipa jina refu la kitaalamu, lakini watu wa Muheza walipokiona kikipita juu ya mapaa walisema hiki tunakijua tangu zamani, ila siku hizi wachawi wake wamevaa sare.

Mtaa mzima ulikuwa unahamishwa. Tangu miaka ya joto kali, sheria ya mji ilikuwa hivi: mtaa wenye ndege una uhai, upewe maji, usiotimiza idadi ya ndege iliyowekwa umekufa, watu wake wapelekwe maghorofani. Kwenye kila nguzo alifungwa Msikizi, sikio la mtambo linalotofautisha sauti za ndege, ya chozi na ya mnana. Watu wakamdanganya kwa sauti za kurekodi. Ndipo ikaamriwa kila nyumba itoe mtu wa kujitolea, akae uani asubuhi, kisha aende nguzoni kutaja kwa mdomo ndege aliowaona. Akitofautiana na Msikizi, asadikiwe binadamu.

Kifungu hicho cha mwisho alikipigania Semkiwa, mhandisi, mtoto wa kaka yake Bi Mboni. Sasa alifika mbio, akamkuta shangazi yake anafunga godoro kwa kamba.

"Shangazi, juu ya tangi lako kuna kiota cha tetere. Ulitaja wangapi?"

"Wawili. Baba na mama."

"Na makinda?"

"Wapo."

"Wapo wangapi?"

Bi Mboni alimtazama kama mtu aliyetukana mbele ya wageni. "Semkiwa, mama yako akiulizwa idadi yenu alikuwa anajibu wapo, Mungu anawakuza. Mtoto unamhesabu ili iweje? Umtafutie kijicho?"

Semkiwa akakaa juu ya sufuria lililofunikwa. Akaeleza taratibu kwamba Msikizi alisikia makinda katika kila ua, maana ulikuwa msimu wa kutotoa, na kila ua watu wakataja wakubwa tu. Yeye alidhani mtambo umeharibika. Alifuta hesabu ya Msikizi kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa hiyo tungewataja na wale..."

"Mngebaki, shangazi."

Bi Mboni akaiacha kamba. Alivuka njia mpaka nguzoni, akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akahesabu watoto. "Mmoja," alisema. "Na wa pili."

"Hesabu imefungwa," Msikizi alijibu kwa adabu. "Asante kwa kujitolea."

Mtaa ulisawazishwa wiki ileile, viota vikiwemo. Bi Mboni alipewa chumba chenye dirisha lisilofunguka, akafariki kabla ya masika. Majirani walitawanywa, wengine hadi Korogwe, na hawatembeleani. Semkiwa aliomba kifungu chake kiondolewe. Kikaondolewa, na kwa kuwa watu hawakuhitajika tena kuhesabu, naye aliyekagua hesabu zao akapunguzwa kazini. Anauza vipuri vya ungo huko Hale. Msikizi alihamishiwa mtaa mwingine. Anafanya kazi vizuri.