Msalimie Mkeo

Lifti ya jengo lile, lenye maduka chini na ofisi juu, ilikuwa na tabia moja mbaya: ilipenda kukwama Jumamosi mchana, watu wakiwa wamejaa. Siku hiyo ilikwama na umati ndani, na katika umati huo alikuwamo dada wa duka la miwani, amevaa gauni la zambarau alilolipiga pasi mara mbili. Alikuwa anakwenda darasa la uandishi kwa mara ya kwanza, na hakujua waandishi huvaaje.

Mzee mmoja alianza kuupiga mlango mateke. Mama mwenye mifuko akaanza kumwita Mungu wake kwa sauti. Ndipo ikasikika sauti ya mwanamume kutoka nje, imetulia kabisa.

"Jamani, acheni kuupiga. Mlango haufunguki kwa hasira."

"Unafunguka kwa nini basi?" akauliza yule dada, jasho likimtiririka shingoni.

"Kwa fundi."

Mlango ukafunguka. Akatokea kijana wa ovaroli ya bluu, grisi shavuni, anawapa watu mkono mmoja mmoja washuke. Yule dada akawa wa mwisho.

"Ndiye wewe uliyeniuliza swali?"

"Ndiye mimi."

"Miwani yako imepinda."

"Kaka, mimi ndiye ninayeuza miwani. Najua."

"Kweli mganga hajigangi." Akacheka, na yeye akacheka bila kupenda. "Na umependeza hivi unakwenda wapi?"

"Ghorofa ya juu. Kuna darasa la kutunga hadithi."

"Loo! Kutunga kunafundishwa? Mimi nilidhani watu huzaliwa waongo."

"Njoo ujifunze."

Alisema kwa utani tu. Lakini Jumamosi iliyofuata, alipoingia darasani, alimkuta fundi ameshakaa, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka kooni, kalamu mpya mkononi, anatazama dari utadhani ameitwa kuitengeneza. Tangu siku hiyo yule dada akamwita Fundi, mwenyewe akaitwa Miwani, na darasa zima likafuata.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza moja ndefu na viti visivyofanana, na madirisha yaliyoleta ndani honi zote za barabarani. Mwalimu alikuwa mama mnene mwenye sauti nene kuliko yeye, na kanuni yake ilikuwa moja: hakuna kusoma kazi yako mwenyewe. Unakunja karatasi isiyo na jina, unaitia kapuni. Kapu linazunguka, unachota ya mwenzako, unaisoma kwa sauti. Mwenyewe ananyamaza mpaka mwisho, hata kama inamchoma.

Hadithi ya kwanza ya Miwani ilihusu mke na mume waliokubaliana kwa kila jambo. Iliposomwa, Mwalimu alivua miwani yake.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Haina kosa hata moja. Wala haina mtu."

Darasa likaangua kicheko. Miwani akajikaza mpaka kipindi kikaisha, kisha akaenda kulia kwenye ngazi. Fundi akamfuata, akakaa ngazi moja chini yake.

"Watu wako wana adabu mno," akamwambia. "Hata lifti nzima hulalamika kidogo inapopanda."

"Wewe mbona yako wameisifu?"

"Mimi sijui kutunga, Miwani. Naandika nilichokiona, basi."

Neno hilo likamkaa. Wakaenda kunywa chai kwenye mgahawa wa chini ya jengo, na chai ikawa desturi ya kila Jumamosi. Baada ya chai zikaja simu.

"Umeshafika nyumbani?"

"Bado. Anayeongea ni jirani."

"Mwambie jirani namkumbuka."

"Jirani anasema una maneno matamu kuliko chai yako."

"Chai hiyo nililipa mimi!"

"Ndiyo maana haikuwa na sukari."

Basi ndivyo walivyokuwa. Hakuna aliyetamka neno lenyewe, lakini Miwani alianza kukosea vipimo dukani, na dada yake mkubwa aliyeishi naye akawa anamtazama jikoni na kuguna tu. Siku moja, katikati ya chai, Fundi akaweka kikombe chini.

"Kuna jambo la nyumbani nataka kukwambia. Ila pa kuanzia sipajui."

"Anzia popote."

"Ngoja kwanza nilipange vizuri."

Miwani akalichukua jambo hilo mpaka nyumbani akaligeuza kila upande. Jambo gani? Anataka kumposa? Anaumwa? Anahama?

Jumamosi iliyofuata alichelewa. Mteja alikuwa amekalia miwani yake, na hakukubali kutoka dukani mpaka irudi ilivyokuwa. Miwani alifika darasani watu wanasimama kuondoka. Akamuuliza jirani yake wa kiti kazi ya wiki ni nini.

"Ukurasa mmoja. Andika kwa 'mimi'."

Aliambiwa hivyo tu, naye akaandika hivyo: mimi nauza miwani, mimi nawapenda wateja wangu. Haikuwa na kosa hata moja.

Wiki ikapita, kapu likazunguka. Miwani akachota, akakunjua, akaanza kusoma kwa sauti yake nzuri:

"Mimi ni fundi wa lifti. Nina mke, na mke wangu hana kosa. Lakini yuko mwingine. Kila Jumamosi nakunywa naye chai, na sijamwambia kwamba nina mke."

Akairudia sentensi ile kwa macho. Kanuni ni kanuni, akaendelea.

"Huyu wa pili hunifulia ovaroli, kwa hiyo narudi kwangu na nguo safi. Mke wangu huipokea bila neno, kisha huiloweka tena. Sijui kwa nini anafua nguo safi. Mwanangu akiniuliza mbona nimechelewa, namwambia mlango haufunguki kwa hasira."

Akaiweka karatasi mezani. Hakumtazama Fundi. Alichukua mkoba wake, akatoka kabla watu hawajaanza kuijadili, akashuka ngazi zote kwa miguu kwa sababu lifti asingeivumilia.

Jamani, kichwa cha binti wa watu! Ana mke. Ana mtoto. Chai ya Jumamosi ni yeye, hilo halina ubishi. Lakini ovaroli? Yeye hajawahi kumfulia hata leso. Kwa hiyo yupo mke, yupo wa kufua, na yeye ni wa tatu?

"Labda ni hadithi tu," akamwambia dada yake, machozi na kamasi.

"Wewe si ndiye uliyeniambia hajui kutunga?"

"Alisema anaandika alichokiona."

"Basi amekiona. Mdogo wangu, mwanamume akikwambia hana mke, chunguza. Akikwambia anaye, mwamini. Hakuna anayejisingizia mke."

Simu ikalia, akaiacha. Ikalia tena, akaiacha. Mwishowe akaandika ujumbe mmoja mfupi: *Msalimie mkeo.*

Jibu likaja papo hapo: *Mke gani?*

Hapo ndipo alipokasirika kikweli. Fundi akapiga kwa namba ya mtu mwingine, Miwani akaipokea bila kujua.

"Miwani, usikate. Ile ni hadithi."

"Hadithi! Wewe? Uliyesema hujui kutunga?"

Upande wa pili mlango ukafungwa, honi zikapungua.

"Si jambo la kuelezwa kwenye simu," akasema hatimaye. "Na mimi nilidhani unanijua."

"Nilidhani hivyo hivyo."

Akakata. Kisha akakaa kitandani akijilaumu kwa kukata, akajilaumu kwa kujilaumu. Alimchukia. Alimkumbuka. Alitaka afe, na alitaka awe amekula. Kama mtu ana mke, kwa nini sauti yake inaumia namna ile? Na kama hana, kwa nini haapi?

Jumamosi iliyofuata hakwenda darasani. Badala yake alikaa mezani nyumbani na kuchukua kalamu. Aliazimia kumwandika yule mke, amwanike darasani, Fundi asikie. Alimpa mdomo mrefu na uvivu na makelele. Akasoma. Ikawa haina mtu. Akaichana.

Akaanza upya. Safari hii akajiuliza swali moja tu: huyu mwanamke anafua nguo safi kwa nini? Swali likamshika shati. Alikwenda nalo kazini, akakaa nalo kwenye foleni ya benki. Akaenda bafuni akaloweka blauzi yake safi, akaitazama ikinywa maji, dada yake akimchungulia mlangoni na kudhani mambo yameharibika kabisa. Alipoinua blauzi ile akainusa, akaelewa. Akaandika kwa mikono yenye maji, na alipomaliza alikuwa analia kwa ajili ya mwanamke ambaye yeye alikuwa amekaa chini ili amtukane.

Hata hivyo akaipeleka. Bado alitaka Fundi aumie. Hakujua tena kama ni kwa ajili yake mwenyewe au kwa ajili ya yule mke.

Kapu likazunguka meza nzima, Fundi hayupo. Miwani akashusha pumzi, sijui ya nafuu, sijui ya huzuni. Mlango ukafunguliwa, huyo akaingia, ovaroli mwilini, ametoka kazini mbio.

"Chelewa chelewa utakuta mwana si wako," Mwalimu akasema. "Chota. Imebaki moja."

Akaikunjua akiwa bado amesimama.

"Mimi ni mke wa fundi wa lifti. Ovaroli imerudi safi tena. Inanukia sabuni ambayo sikuinunua mimi. Naitia majini. Naifua ili kesho mume wangu akitoka, atoke na harufu ya nyumba yangu." Fundi akaisogeza karatasi karibu na macho. "Mtoto wangu amesimama mlangoni. Mama, mbona unafua nguo safi? Nikamwambia, ina doa, mwanangu, wewe hulioni. Na Mungu akusaidie usilione mapema…"

Sauti ikamkatika. Akarudia mstari ule, ukamkatikia palepale.

"Apewe mwingine?" akauliza Mwalimu, kwa upole ambao darasa halikuujua.

"Hapana. Naimaliza."

Akaimaliza, machozi yakishuka waziwazi. Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta muda mrefu.

"Leo kuna mtu humu ndani," akasema. "Ya nani?"

Miwani akainua mkono.

"Wewe! Na zoezi hili ni la wiki zile. Umelifanya kwa kuchelewa, lakini umelifanya kweli."

"Zoezi gani, Mwalimu?"

"Lile la 'mimi'. Nilisema, andika kwa 'mimi' ya mtu ambaye hujamsamehe. Si ya kwako, ya kwake. Hukuwepo?"

Miwani alihisi sakafu inashuka. Akamtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama karatasi.

Kipindi kilipoisha akamkuta kwenye korido, mbele ya lifti, ameegemea ukuta.

"Fundi."

"Baba yangu alikuwa fundi wa lifti," akasema bila kumtazama. "Hili neno la mlango na hasira ni lake. Siku ya kumzika ndipo tulipojua kuna nyumba ya pili. Aliyeshangaa kuliko wote ni yule mama wa huko. Hakujua kabisa kwamba sisi tupo."

"Ndilo jambo uliloshindwa kuanza?"

"Ndilo. Miaka yote nimemhurumia Mama kwa kudanganywa. Nilimwona anafua nguo safi, nikamuuliza, akaniambia nikacheze. Leo ndiyo najua kwamba alijua. Umemjulia wapi mama yangu?"

"Simjui. Nilikuwa namwandika mke wako ili nimtukane."

Fundi akacheka kidogo, huku analia. Kisha kicheko kikaisha.

"Uliniamini ubaya kwa ukurasa mmoja, Miwani."

"Nilikosa. Nisamehe." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, ikazidi kuchafuka. "Lakini na wewe ungesema ni baba yako, ningefunga mdomo."

"Niliona aibu. Niliogopa ukiona baba, utasema na mtoto ni yuleyule."

"Na ni yuleyule?"

"Ndicho ninachokiogopa kila siku. Ndiyo maana niliandika, na chai yetu nikaitia humo."

Miwani akasogea karibu. Akamshika mkono, grisi na yote.

"Naomba karatasi hii," Fundi akasema. "Nikamsomee."

"Usimsomee. Huyo ni wa kwangu, nimemtunga. Wako mwulize mwenyewe. Pengine alikuwa na sababu nyingine kabisa."

Fundi akaikunja karatasi, akamrudishia.

"Twende wote."

"Nije kama nani?"

"Kama… yaani, ukipenda… kama mtu wangu wa karibu."

"Mtu wako wa karibu ndiyo nini? Hiyo sentensi Mwalimu angeikata."

Lifti ikafika, ikafunguka, imejaa watu. Wakabanwa pembeni, kifua kwa bega. Mama mwenye mifuko alikuwamo, anamwomba Mungu mapema safari hii. Fundi akatoa simu mfukoni, akaifungua kwenye ujumbe mmoja wa zamani, akamwonyesha. *Msalimie mkeo.*

"Ufute basi, unaniaibisha," Miwani akanong'ona.

"Siufuti. Ulinituma salamu, na mimi sikuwa na wa kumpa." Akamgeukia, watu wote wakimsikiliza. "Nimeamua kumpa huyu huyu aliyezituma. Hujambo?"

Lifti ikasimama chini, mlango ukafunguka, na hakuna aliyeshuka.

"Sijambo," akasema Miwani.