Tepu Iliyopotea Mkumbara

"Taarifa ya Upotevu wa Tepu Moja ya Kupimia, Mali ya Ofisi." Barua hiyo iliandikwa na rafiki yangu Adamu, mpima majengo, aliyetumwa Mkumbara kupima kijumba cha mawe cha enzi za Wajerumani kabla hakijabomolewa kesho yake. Fomu ilitaka urefu, upana na maneno "hakina mkaaji".

Mlangoni alimkuta Bibi Mwaija ameketi chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, usiandike hakina mtu. Mume wangu Mdoe aliingia juzi kufunga dirisha. Mlango ni huu mmoja, na sijabanduka."

"Umeripoti?"

"Nimepiga simu, wanataka barua ya mwenyekiti. Niondoke hapa niifuate?"

Adamu alipima nje: mita tisa. Ndani, kwenye chumba kimoja kitupu chenye giza mchana kweupe, akapata sita. Hata ukitoa unene wa kuta, mita mbili hazikuonekana popote. Kwa mazoea tu, akabisha hodi kwenye ukuta wa mwisho. Mtu akakohoa upande wa pili.

"Ndiye huyo!" Bibi Mwaija alilia kutoka nje. "Mtoe, mwanangu, nakuomba!"

Palikuwa na ufa kati ya mawe. Adamu akapenyeza tepu apime kina chake.

Kwenye fomu aliandika "mkaaji yupo". Ofisi ikamjibu alete ushahidi, pamoja na tepu.

Barua inasema tepu ilidondoka kwenye bodaboda. Kilichotokea ni kwamba Adamu aliacha kuisukuma, nayo ikaendelea kuingia.