Ovaroli ya Bluu

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imejaa pomoni. Fundi, mwanamke mwenye ovaroli ya bluu na viatu vizito, alikumbatia boksi. Aliyebanwa mbele yake alikuwa ofisa masoko wa kampuni ya simu: suti ya kijivu, marashi ya kuumiza kichwa.

"Dada, boksi lako linanichafua."

"Basi shuka, kaka. Ngazi zipo."

Watu wakacheka. Ofisa naye akacheka, meno yake mazuri kuliko akili, kisha akauliza kilichomo. Kifaa cha kudhibiti antena za juu ya paa, akaambiwa. Antena imeungwa kwa vipande, kila kimoja kinarusha mawimbi yake. Kimoja kikifa, kifaa hiki kinavipanga upya vilivyobaki ili simu zisikatike.

"Huduma hiyo naiuza kila siku. Sikujua iko juu ya paa."

"Ulidhani inatoka wapi, mfukoni mwako?"

Mapenzi yakaanza hivyo, bila haya. Kila jioni simu ililia.

"Malkia wangu, umeshashuka?"

"Nimeshuka, mpenzi. Na wewe, umeshawadanganya wateja wa leo?"

Fundi alimdharau kidogo na kumpenda sana, akidhani mapenzi yatamaliza dharau.

Siku moja wakiwa garini, mama yake yule bwana akapiga, spika ikiwa wazi.

"Mwanangu, huyo mkwe wangu anafanya kazi gani?"

"Karani, mama. Anakaa ofisini, kwenye kiyoyozi."

Fundi alishuka kwenye taa nyekundu, akaufunga mlango taratibu. Tangu hapo hakupokea simu zake.

Bwana alinuna, akajihurumia mbele ya kila kioo, hatimaye akapanda juu ya paa lile, pete mfukoni. Fundi alikuwa ameifungua antena, anabadilisha kipande kilichoungua.

"Nisamehe, kipenzi. Mama nimemwambia ukweli. Nataka kukuoa."

Fundi aliweka bisibisi chini. Alikuwa amemkumbuka kweli mjinga huyu, hata marashi yake.

"Umemwambia nini hasa?"

"Kwamba unapanda mapaa. Na kwamba tukioana utaacha." Akaegemeza simu yake kwenye tangi la maji, kamera ikamtazama fundi. "Sasa vua hiyo ovaroli kwanza, tumtumie picha nzuri."

Fundi alimpandisha na kumshusha kwa macho, toka kola mpaka kiatu.

"Mwanamke unayemtaka simjui. Kamtafute. Shuka."

"Lakini mpenzi..."

"Shuka, nina kazi!"

Akashuka, pete ikiwa bado mfukoni. Fundi alikaza kipande kipya, akawasha kifaa, taa ya kijani ikawaka. Punde simu yake ikalia. Akapokea.

"Haloo, kipenzi? Niko hapa chini. Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri sana," alisema, machozi yakimtiririka. "Tatizo ndilo hilo."

Akakata, akafuta pua kwa mkono wa ovaroli, akaanza kukusanya vifaa.